Namba Hapana Miguu

Kabla ya kuandika namba yoyote ubaoni, mwalimu wa hesabu wa shule yetu ya Koboko alichora kwanza alama ya sawasawa. Aliichora katikati kabisa, mistari miwili mirefu kama mkono wa mtu mzima, kisha akarudi nyuma na kuitazama kama fundi anayetazama ukuta aliousimamisha. Ubao ulibaki mtupu pande zote mbili. Watoto wa darasa la saba walinyamaza, kwa sababu hawakujua nini kitakaa wapi.

"Hii ndiyo kubwa," aliwaambia. "Hizo zingine zote ni wageni."

Nilifundisha naye miaka mingi, mimi sayansi, yeye hesabu. Vyumba vyetu vilitenganishwa na ukuta usiofika kwenye mabati, kwa hiyo sauti yake iliingia darasani kwangu kila asubuhi. Masomo yake nimeyasikia kuliko mtu mzima mwingine yeyote, na hadi leo, siku hizi nikiwa nafundisha Arua, nikiona mlinganyo ubaoni naisikia sauti ile ikitoka juu ya ukuta.

Walimu wengine walifundisha milinganyo kwa njia ya haraka. Walimwambia mtoto kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa inageuka: ya kujumlisha inakuwa ya kutoa, ya kutoa inakuwa ya kujumlisha. Watoto wa Koboko waliishika upesi, maana mji wetu uko karibu na mipaka miwili, wa Kongo na wa Sudan Kusini, na kila kitu kinavuka, sabuni, mafuta, shangazi zao. Yeye aliichukia njia hiyo kama mtu anavyochukia uongo uliosemwa juu ya mamake.

"Namba hapana miguu," alisema. "Nani aliona namba inavuka? Tano ikitoka hapa, ni wewe umeiondoa. Na ukiondoa tano upande huu, ondoa tano upande ule. Usipoondoa pande zote mbili, umeiba."

Alikuwa na vibuyu vitatu vidogo vilivyozibwa kwa matambara. Ndani ya kila kimoja alitia punje za mahindi, idadi ileile, bila watoto kuona. Alivipanga upande mmoja wa mkeka pamoja na punje tano zilizolala wazi, na upande wa pili akamwaga punje ishirini. Akawaambia pande hizi mbili ni sawa. Mtoto mmoja aliitwa aondoe punje tano huku, mwingine tano kule. Zikabaki kumi na tano kulia, na vibuyu vitatu peke yavyo kushoto. Darasa likagawa. Kila kibuyu kina tano, wakasema, na ndipo aliporuhusu vifunguliwe.

Siku moja kibuyu kimoja kilifunguliwa na ndani mkawa na punje sita. Kuna mtoto alikuwa amechezea. Upande wangu wa ukuta tulikaa kimya tukingoja fimbo. Nilimsikia akicheka kidogo, jambo la nadra.

"Hesabu ni ya kweli," alisema. "Kibuyu ndiyo imedanganya."

Fimbo alikuwa nayo, ingawa serikali ilishakataza siku nyingi. Sitasema alikuwa mtu mpole ili aonekane mzuri sasa. Aliwachapa walioacha hatua. Mtoto aliyeandika jibu sahihi bila kuonyesha alivyolipata alipewa sifuri, na aliyekosea jibu lakini akapita njia nzuri alipewa karibu alama zote. Baba mmoja, mwenye duka la spea za pikipiki, alikuja shuleni na karatasi ya mwanawe mkononi.

"Mwalimu, jibu hili si sahihi?"

"Ni sahihi."

"Sasa hii sifuri ni ya nini?"

"Ya njia. Mtoto wako amefika, lakini hajui amepita wapi. Kesho hatafika."

Yule baba alimtazama, akaikunja karatasi, akaondoka bila kuaga. Mwaka uliofuata alimhamishia mtoto shule nyingine.

Na jibu likishapatikana, kazi ilikuwa haijaisha. Lazima lirudishwe kwenye mlinganyo na kuhakikishwa. "Mrudishe nyumbani kwake," alisema, "uone kama watampokea." Kama k, yaani kibuyu, ni tano, weka tano pale k ilipokuwa, zidisha kwa tatu, ongeza tano, na kama haikutoka ishirini basi umeleta mgeni asiyejulikana na mtu. Asiyehakikisha alichapwa hata kama jibu lake lilikuwa la kweli.

Hedimasta alitaka Kiingereza darasani. Mwalimu wa hesabu alianza kwa Kiingereza, sentensi moja au mbili kama mtu anayenawa mikono, halafu akahamia Kiswahili. Darasani kulikuwa na Wakakwa, Walugbara, Wanubi, na watoto wa Kikongo waliotoka kwenye makazi ya wakimbizi kule Lobule. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao. Alisema ndiyo sababu kinafaa, kwamba hakuna anayepata faida kwa mwenzake.

Mjini hawakumpenda sana. Alikuja kwa baiskeli kutoka Lobule, mgongo wima kama askari, na watu walimsalimia njiani bila yeye kugeuza shingo. Wanawake wa sokoni walisema waziwazi, "Ile mutu iko na kiburi. Anapita kama hapana watu." Msibani alikaa mwisho, hakusogea kwenda kumpa mtu mkono. Mwenzetu mmoja alipofiwa na mkewe, alimnyooshea mkono mwalimu wa hesabu, na mkono ule ukabaki hewani. Yule mfiwa hakusema naye tena.

Mimi ndiye niliyefundisha somo la jicho kila mwaka, na picha yake nilikuwa nimeichora mara nyingi mno. Ndiyo maana nilianza kuona dalili kwake. Alipiga teke beseni la maji lililokaa mlangoni siku zote. Alipoandika, mistari yake ilishuka na kupita ukingo wa ubao hadi kwenye fremu. Wakati wa chai alinyoosha mkono kando ya kikombe, si kwenye kikombe.

Siku moja tulipobaki wawili katika chumba cha walimu nilimwomba anitazame puani, nikashika chaki mbali upande wa sikio lake na kuisogeza mbele polepole.

"Ukiiona, niambie."

Chaki ilikaribia kugusa shavu lake ndipo akasema, "Hiyo hapo."

"Mwalimu, unaona kama mtu aliyeko ndani ya bomba."

"Naona mbele," alisema. "Pembeni ni kazi ya Mungu."

Nilimwambia kuna daktari wa macho Arua. Akasema atakwenda likizo. Likizo ilikuja, akapalilia karanga. Ikaja nyingine, mvua ikanyesha vizuri, akapanda mtama. Mtu aliyewachapa watoto kwa kutohakikisha majibu yao alikaa na ugonjwa ule bila kuuhakikisha, msimu baada ya msimu, hadi nilipomwambia kwamba nitapanda naye gari mimi mwenyewe. Alikubali kwa sharti kwamba mkewe aambiwe ni mkutano wa walimu.

Daktari alikuwa msichana mdogo aliyeongea polepole. Alimpima, akamweleza kwamba ndani ya macho kuna msukumo unaoua mshipa wa kuonea, kidogo kidogo, kuanzia pembeni kuja katikati. Kilichokwisha kufa hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote.

"Nitaona vizuri lini?" mwalimu aliuliza.

"Hutaona vizuri zaidi, Mzee. Ila usipoteze hiki ulicho nacho."

Matone aliyatia kwa muda, nilimwona mwenyewe akiinamisha kichwa nyuma ya choo cha walimu. Halafu akaacha. Nilipomuuliza, alinijibu kwa sauti ile ya darasani.

"Nimetia, nimetia, naona vilevile. Kitu ambacho ukikiongeza hakuna kinachobadilika, hicho ni sifuri, Madamu."

"Dawa haikuongezei kuona. Inazuia kupungua. Usingeitia, leo ungekuwa chini ya hapo."

"Umejuaje? Huo upande mwingine nani ameuona?"

Nilirudia kwa njia zote nilizozijua. Nilichora hata picha. Alisikiliza kwa adabu, akashika baiskeli yake, akaondoka akiwa anapapasa ukingo wa barabara kwa gurudumu la mbele. Muda si mrefu aliiacha baiskeli, akawa anatembea.

Mwaka huo nilianza kusikia kupitia ukuta sauti ya msichana. Jina lake Kiden, kiranja wa darasa la saba, mtoto wa mama anayeuza nyanya. Alikuwa anasoma kwa sauti kila kitu: "m mara mbili, toa sita, sawa na kumi. Mstari wa pili: m mara mbili, sawa na nne."

"Simama hapo," mwalimu alisema. "Nani ameandika nne? Sita inatolewa. Ili iondoke, tunafanya nini?"

"Tunaongeza sita," sauti nyingine ilijibu.

"Pande ngapi?"

"Mbili."

"Basi kumi imekuwaje nne? Kaa chini, andika upya."

Nilidhani ni mbinu mpya ya kufundisha, na nikaisifu mbele ya wenzangu. Ilichukua muda kuelewa kwamba Kiden alikuwa macho yake. Alimsomea ubao, alimsomea madaftari ya wenzake wakati wa kusahihisha, mstari baada ya mstari, na yeye alishika mlinganyo wote kichwani na kusema simama hapo palipokosewa. Darasa zima lilijua. Walihamisha madawati wakamwachia njia iliyonyooka kutoka mlangoni hadi ubaoni. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Hakuna aliyesema nje. Na wale waliochapwa na mtu yule walimlinda sawa na ambao hawakuchapwa. Sijawahi kuelewa vizuri kwa nini.

Mkaguzi alikuja muhula wa pili. Alikuwa mtu wa makamo, si mkali. Hedimasta alimpeleka darasa la saba na kuniita na mimi, kwa sababu somo langu lilifuata. Tukakaa nyuma. Somo lilikwenda vizuri. Mwalimu alichora alama yake, iliyopinda sasa, Kiden akasoma, watoto wakajibu. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasimama, akaenda ubaoni na kuandika mwenyewe upande wa chini:

4n + 3 = 27
4n = 30
n = 7½

"Mwalimu," alisema, "tuseme mtoto ameniletea kazi hii. Waonyeshe amekosea wapi."

Kiden akaanza, "n mara nne, ongeza tatu, sawa na..."

"Sikukuuliza wewe, binti. Nimemuuliza mwalimu."

Kiden akanyamaza. Mwalimu alikuwa amesimama mita mbili kutoka ubaoni. Alisogea. Alisogeza uso karibu na ubao, kwanza mahali pasipo na kitu, kisha juu, kisha upande. Akainua kiganja, akakiweka juu ya ubao kama anayepima homa ya mtoto, akakipitisha taratibu akitafuta chaki kwa vidole, na kilipopita, kazi ya mkaguzi ilifutika chini yake. Watoto waliona namba zikiondoka. Hakuna aliyecheka. Mbele kabisa mtoto mmoja aliinamia dawati.

Aligeuka kutukabili, vumbi jeupe mkononi.

"Naomba msichana asome," alisema. "Mimi sioni."

Hayo maneno mawili hakuwahi kuyasema, si kwangu, si kwa daktari. Mkaguzi alibaki na kalamu yake mdomoni. Baadaye akasema kwa sauti ya chini, "Asome." Kiden alisimama, lakini ubao ulikuwa umefutika, na ikabidi atafute zile namba kichwani. Alizisoma bila kukosea. Mwalimu akasema palepale: mtoto ameongeza tatu kulia badala ya kutoa, ilitakiwa ishirini na nne, na n ni sita. Akahakikisha. Sita mara nne, ishirini na nne, na tatu, ishirini na saba. "Wamempokea," alisema. Kengele ililia, na hakuna aliyetoka mpaka yeye alipotoka.

Hakufukuzwa kwa ubaya. Hedimasta alimwita, akamwambia apumzike, kwamba wangelishughulikia suala lake. Alitembea kwenda Lobule siku hiyohiyo na hakurudi. Darasa la saba halikupata mwalimu mwingine wa hesabu hadi mtihani. Nilijaribu kuwasaidia baada ya vipindi vyangu, lakini nilikuwa nafundisha namba zivuke na zigeuke, njia pekee niliyojua kwa haraka, na nilipofanya hivyo watoto walinitazama tu. Matokeo ya hesabu yalikuwa mabaya. Hata ya Kiden.

Mkewe nilikutana naye mara ya kwanza mwezi mmoja baada ya yeye kuondoka, nilipopeleka vitu vya mumewe: vibuyu, kikombe, rula ya mbao. Alivipokea mlangoni bila kunikaribisha.

"Madamu, watoto ya watu walijua," alisema. "Wewe ulijua. Mimi niko mke yake, nalala na yeye, mimi hapana jua. Yeye aliacha kuniangalia. Nilifikiri iko na hasira na mimi. Nikapika vizuri, nikavaa vizuri, hapana angalia. Nikafikiri iko na mwanamke mwingine kule Koboko. Nilimchukia, Madamu. Miaka hiyo yote nilimchukia bure."

Alichukua vibuyu akaingia navyo ndani.

Nikahamishiwa Arua. Kazi zikawa nyingi, mji umekuwa jiji na madarasa yamejaa, na Lobule ikawa mbali kuliko ilivyo. Kisha mwaka jana, nikiwa Koboko kwa ajili ya harusi, nilipita sokoni na msichana mrefu akaniita kwa jina la zamani, Madamu wa Sayansi. Alikuwa Kiden, nyuma ya mafungu ya nyanya, na mtoto mgongoni. Tulisalimiana. Sikumuuliza habari za shule kwa kuwa jibu lilikuwa mgongoni kwake limelala.

"Mwalimu anaona sasa?" aliniuliza.

"Sijui."

"Wewe hapana enda kwake?"

"Sijaenda."

Alipanga nyanya zake upya ingawa zilikuwa zimepangika. Nilipanda boda mchana uleule nikaenda Lobule.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti kifupi mbele ya nyumba, anasokota kamba ya katani juu ya paja. Alikuwa amekonda, na nywele zimekuwa nyeupe zote. Macho yake yalikuwa wazi na safi, kama ya mtu anayeona. Nilipobisha hodi alisimamisha mikono.

"Ni Madamu wa sayansi," alisema. "Karibu. Mama ya hapa ameenda shamba."

Nilikaa. Tuliongea juu ya mvua, juu ya muhogo unaooza ardhini, juu ya hedimasta aliyestaafu. Nilimwambia nimemwona Kiden. Akauliza anafanya nini, nikamwambia. Kamba ilisimama mkononi mwake.

"Yule alikuwa anashika mlinganyo wote kichwani," alisema. "Wote, kama mimi."

Kisha akageuzia uso wake upande wangu, karibu sawasawa na mahali nilipokuwa.

"Madamu, nikuulize kitu. Wewe ni mtu wa sayansi. Kama ningeendelea kutia yale matone, leo ningekuwa naona?"

Kuku walikuwa wanachakura chini ya ghala. Nilifikiria majibu mengi, na yote yalikuwa rahisi kusema kuliko lile la kweli.

"Ndiyo," nilimwambia. "Si kama zamani. Lakini mbele ungekuwa unaona. Uso wa mtu ungekuwa unauona."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa.

"Ahsante. Wengine wote wananiambia ilikuwa mapenzi ya Mungu. Padri, jirani, mama ya hapa. Nikiuliza, wananiambia hapana, ilikuwa lazima, dawa ile ilikuwa maji. Nilijua wananidanganya, lakini peke yangu sikuweza kuhakikisha."

Mkewe alikuwa ametokea nyuma ya nyumba wakati huo, jembe begani. Sikumwona hadi alipolishusha. Alinishika mkono, akanivuta hadi kwenye jiko.

"Kwa nini umemwambia?"

"Mama, aliniuliza."

"Mimi pia aliniuliza. Kila siku aliniuliza. Kila siku nilimwambia hapana. Hiyo nilimbebea mimi, Madamu. Wewe utapanda boda utaenda Arua. Mimi ndiye nitabaki hapa na yeye."

Udongo wa shambani ulikuwa bado umeganda mikononi mwake. Kutoka mbele ya nyumba sauti ya mwalimu ikaita jina la mkewe, jina lake la kuzaliwa, si mama ya fulani wala mama ya hapa. Sikuwahi kumsikia akilitaja.

Mke alijifuta mikono, akaenda. Nilifuata hadi kwenye kona.

"Kaa hapa," mwalimu alimwambia, akisukuma kamba pembeni kumpa nafasi. "Usimsemeze Madamu vibaya. Kaa. Kuna kitu juu ya haya macho, nataka kukuambia mimi mwenyewe."

Mkewe alisimama kwanza, kama asiyeamini. Kisha akakaa chini karibu na goti la mumewe, akangoja.

Niliwaacha. Niliuchukua mkoba wangu kimya na kutoka kwa njia ya shambani ili nisisikie.